Anahesabu mpaka thelathini, lakini vikombe sita vinamshinda

Swali limetoka Wete: "Assalaam alaykum, Bi Mwalimu. Mwanangu ana miaka mitano, yuko maandalizi mwaka wa pili. Anahesabu mpaka thelathini bila ya kukosea, jirani wote wanamsifu. Lakini nikimwambia 'nletee vikombe sita' huleta vinne, au hubeba rundo zima. Nikimpangia vitumbua akahesabu mpaka saba, nikamwuliza 'haya, vingapi?' huanza tena moja, mbili, tatu. Skuli wameniambia nimfundishe mpaka mia. Mimi nauza vitumbua asubuhi, sina muda wala vifaa. Nianzie wapi?"

Waalaykum salaam, mwanangu. Mia iache kwanza. Mrudishe kwenye tatu, nne na tano, na mkae huko wiki mbili tatu. Najua utaona kama unamrudisha nyuma mtoto anayesifiwa na mtaa mzima, lakini nisikilize kwanza.

Alichonacho mwanao ni uzi wa maneno. Amehifadhi, na kuhifadhi si jambo dogo. Siwezi kukudharau kuhifadhi katika visiwa hivi ambako mtoto hajaota meno ya pili na sura kadhaa za Juzuu Amma anazo kifuani. Lakini kwake yeye "sita" bado ni neno linalokuja baada ya tano na kabla ya saba, kama ushanga mmoja kwenye tasbihi: unaupitisha, unakwenda wa pili. Hajajua kwamba "sita" ni jina la vikombe vyote sita vikiwa pamoja. Ndiyo maana ukimwuliza "vingapi?" anaanza upya. Si mkaidi wala hakusahau. Amekuelewa kwamba unamwomba asome tena, naye anakutii.

Watafiti wawili wa Marekani, Gelman na Gallistel, walilieleza hili mwaka 1978. Kuhesabu kuna kanuni zake, na tatu ndizo za mwanzo: kila kitu kipate neno moja tu, maneno yasibadilishe mpangilio, na neno la mwisho ndilo jina la vyote. Mwanao anazo mbili. Ya tatu ndiyo huchelewa kwa karibu kila mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Karen Wynn, naye wa Marekani, aliwapa watoto wadogo mtihani ule ule unaompa wewe jikoni: nipe kimoja, nipe viwili, nipe vitatu. Akaona mtoto anaweza kusoma namba mpaka kumi na akiombwa vitatu akakamata konzi nzima. Hujua kwanza moja, baada ya muda akaijua mbili, kisha tatu, halafu siku moja mlango ukafunguka na zilizobaki zikafuata. Kwa wengi hufunguka kati ya miaka mitatu na minne. Wako amekawia kidogo, hajapotea.

Sasa kwa nini nakwambia tano wala si mia? Kwa sababu ya macho.

Mwaka 1871, huko Uingereza, bwana mmoja mwanauchumi, Stanley Jevons, alikaa na maharage meusi. Alikuwa akiyarusha, mengine yanaangukia ndani ya kijisanduku, anatupa jicho mara moja, anataja idadi, kisha anahesabu aone kama amepatia. Alifanya hivyo mara 1,027. Kwenye tatu na nne hakukosea hata mara moja. Kuanzia tano ndipo makosa yakaanza, na kadiri maharage yalivyozidi na makosa yakazidi. Mpaka leo matokeo ni hayo hayo: jicho la binadamu, la mtoto na la mzee, huona moja, mbili na tatu, na kwa mtu mzima hata nne, bila ya kuhesabu. Baada ya hapo lazima vitu vipangwe, ama sivyo ni fujo tu.

Wewe uko Pemba, basi hili umelishika mkononi tangu utoto. Chukua karafuu moja kavu uitazame kichwani: kitumba katikati, na meno manne yamekizunguka. Hujawahi kuyahesabu, lakini likikatika moja utaliona. Na watazame wazee barazani wakicheza bao. Bao letu lina safu nne za mashimo manane na kete sitini na nne. Mchezaji mzuri anatupia jicho shimo, anajua mna kete ngapi na zitaishia wapi, mkono wake haujagusa kitu. Hesabu haikumtoka, imehamia machoni. Huko ndiko nataka mtoto wako aelekee, na njia yake ni mafungu na mpangilio.

Umesema huna vifaa. Mwanangu, mtu mwenye chuma cha vitumbua na kawa ana vifaa vya kutosha.

Anza hivi. Asubuhi, kabla wateja hawajajaa, weka vitumbua vitatu kwenye sahani na uvifunike kwa kawa. Mwite. Funua, mpe nafasi ya pumzi moja tu, funika. Usimwulize "vingapi?" maana swali hilo limeshamzoesha kuanza moja, mbili, tatu. Mwulize, "Umeona nini?" Akisema vitatu, funua mhakikishe pamoja. Akikosa, usimkemee, funua atazame kwa utulivu, kisha funika tena. Siku ya pili weka vitatu vile vile lakini vimekaa vingine: jana vilipangwa msitari, leo vikae kama mafiga. Halafu vinne: viwili juu na viwili chini. Halafu vinne vingine: vitatu pamoja na kimoja pembeni. Halafu vitano. Dakika tano zinatosha, na kitumbua kimoja akila mwishoni hakuna ubaya.

Ile pumzi moja ndiyo dawa yenyewe. Ukiacha kawa wazi atanyoosha kidole na kurudi kwenye uzi wake wa maneno. Ukifunika upesi, macho hayana budi kukamata umbo zima, na akili inabaki na picha ya kufanyia kazi.

Akishazoea tano, mwonyeshe chuma chenyewe. Vyuma vingi vina mashimo saba, kimoja kati na sita kwa kuzunguka. Kama chako ni hivyo, una somo la wiki nzima. Mimi nimewahi kupanga kokwa saba za tende kwa umbo hilo mbele ya watoto wa maandalizi, skuli moja ya upande wa Micheweni. Nikafunua, nikafunika, nikauliza, "Umeonaje?" Msichana wa mbele akasema, "Sita wamemzunguka mmoja." Mwenziwe akakataa: "Mimi nimeona watatu wamelala katikati, wawili juu yao, wawili chini yao." Wa tatu, mpole sana, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akanyoosha vidole: wawili, wawili, wawili, na mmoja. Nilibaki nimesimama na kawa mkononi. Wote watatu wameona saba, kila mmoja amekuja na mafungu yake, na hakuna aliyehesabu moja mpaka saba. Kutoka siku ile swali la "umeonaje?" silikosi katika darasa lolote, kwa sababu linamfanya mtoto aigawe namba na kuiunga bila ya kujua kuwa ameshaanza kujumlisha.

Kitu kimoja ujihadhari nacho. Watu wakisikia habari za umbo hukimbilia kete za ludo na dhumna, wakamkaririsha mtoto kwamba tano ni nne pembeni na moja kati, basi. Dhumna ni nzuri, nami naipenda, lakini isiwe peke yake. Niliwahi kumwambia mtoto anichoree tano mchangani, akanichorea mkato wa vidoti kama alama ya kuzidisha, vidoti tisa, akasema kwa furaha, "Tano hii!" Alikuwa ameshika sura ya mchoro, idadi haimo. Kwa hiyo tano ije kwa sura nyingi: kama dhumna, kama tatu na mbili, kama nne na moja, kama vidole vya mkono mmoja. Vidole usivikataze kabisa. Mtoto anayeinua mkono mzima kwa mpigo mmoja kuonyesha tano, kisha akaongeza kidole kimoja cha mkono wa pili na kusema sita, ameshaelewa zaidi ya yule anayefika mia kwa kuimba.

Na anapohesabu kwa kidole, maana kuhesabu hatukukufuta, fanya mambo mawili. Kila kitu akihamishe, akitoe upande huu akiweke upande wa pili, ili asikihesabu mara mbili. Na wewe mtangulie kwa jina la fungu zima kabla ya hesabu: "Vikombe vinne hivi. Moja, mbili, tatu, nne. Vikombe vinne." Anasikia nne ikitajwa kwa vyote, kisha anaiona ikipatikana. Kidogo kidogo neno la mwisho linajishika na fungu.

Baada ya wiki mbili tatu, tafuta trei ya mayai ya karatasi, ile ya mayai thelathini. Ina mashimo matano kwa sita. Ikate kwa mkasi upate vipande vitatu, kila kimoja safu mbili za mashimo matano. Kila kipande ni kumi yako. Tia komwe, kokwa za tende au simbi za ufukweni, chochote kisichozidi shimo. Sharti ni moja: safu ya juu ijae kwanza ndipo mshuke ya chini. Kuhusu pa kuanzia, kumbuka mtoto wetu kwenye chuo cha Kurani anaanzia kulia na skuli anaanzia kushoto. Kwa hapa chagua kushoto na usibadilishe, ili picha itulie.

Tazama kinachotokea. Sita inakuwa safu nzima na moja. Nane ni safu nzima na tatu, na mashimo mawili matupu. Hayo matupu ndiyo ninayoyapenda zaidi, kwa sababu nayo yanasema: nane bado mbili ifike kumi. Tisa haihitaji kuhesabiwa hata kidogo, ni kumi kasoro moja, na neno kasoro mtoto wako analisikia kila siku watu wakitaja saa. Funika trei kwa kawa, funua, funika, "umeonaje?", mchezo ni ule ule. Huko Uholanzi walimu hutumia shanga kwa jambo hili hili, tano za rangi moja na tano za rangi ya pili kwenye uzi mmoja, ili jicho lipate pa kukamata. Ukiwa na shanga nyekundu na nyeupe, mtungie mwanao kumi za namna hiyo acheze nazo.

Mpe na kazi ya kuchora. Mwonyeshe trei tupu, ifunike, mwambie aichore mchangani kama alivyoiona. Watafiti wa Australia, Joanne Mulligan na Michael Mitchelmore, wamewapa watoto wadogo kazi za namna hii kwa miaka mingi, na wameona kwamba mtoto anayechora safu zilizolingana huwa na nguvu katika hesabu kwa jumla, na anayetawanya maduara ovyo ndiye anayehitaji kusaidiwa kuona mpangilio. Jambo la faraja ni kwamba hili hufundishika. Mchoro wa mwanao wa leo uutunze kwa picha ya simu, umchoreshe tena mwezi ujao, utaniambia.

Mpangilio si wa namba peke yake. Bibi yake akisuka ukili, akae naye amtazame: chane hizi juu, hizi chini, rangi hii, rangi hii, tena. Mwulize inayofuata ni ipi. Pindo la kanga nalo lina maua yanayojirudia. Mwulize ua linaanzia wapi na linaishia wapi kabla ya kuanza jingine. Mtoto anayeweza kukuonyesha kwa kidole kipande kinachojirudia ameshajua kuwa vitu vingi vinaweza kuwa kimoja, na huo ndio msingi wa makumi.

Hapo ndipo lugha yetu inapotusaidia, na baadaye kidogo inatuangusha. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: Kiswahili kinataja kilichomo kwenye trei, kipande kilichojaa na komwe tatu juu yake. Mtoto wa Kiingereza kwenye kumi na moja na kumi na mbili hana bahati hiyo, anapewa majina mapya yasiyoonyesha kumi ndani yake. Itumie neema hii. Weka kipande kilichojaa, pembeni kipande chenye tatu, mwambie aseme pole pole huku akigusa: kumi, na, tatu.

Kisha inakuja ishirini, na mlango unafungwa. Katika neno ishirini hakuna mbili wala kumi. Limetoka Kiarabu, kama thelathini, arubaini na hamsini. Sitini, sabini na tisini zina huruma, maana sita, saba na tisa zinasikika ndani yake. Thamanini na nane hazijuani. Kwa hiyo mwanao anaposema thelathini kwa sauti nzuri, usidhani anaona makumi matatu. Mwekee vipande vyote vitatu vya trei vimejaa, mwambie, "Kumi tatu, jina lake thelathini." Yaseme yote mawili pamoja kwa muda mrefu, usiogope kwamba utamharibia Kiswahili.

Wakati mwingine utamsikia akisema "vikombe visita", kwa sababu amezoea viwili, vitatu, vinne, vitano. Ni kosa la mtoto mwenye akili, ameona kanuni na kuifuata. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu na hazivai kiambishi, wakati nane, iliyo ya kwetu, inavaa: vikombe vinane. Zamani tulikuwa na kenda mahali pa tisa, na mpaka leo imo katika jina la mwezi wa Mfunguo Kenda. Saba ya kale imebaki kwenye fungate ya maharusi. Na wajuzi wa lugha husema nane asili yake ni nne mara mbili, nne-nne. Hili la nane mweleze mwanao kwa mkono: vidole vinne huku, vinne kule, unganisha. Watoto hulipenda mno.

Kuhusu skuli, usigombane na mwalimu. Ana watoto wengi mbele yake, na kuimba mpaka mia ndiko kunakowaweka pamoja. Mwambie tu, kwa heshima, kwamba nyumbani mnacheza kuona mafungu, na umwombe naye siku moja amjaribu kwa kawa. Walimu wetu wengi wakiliona mara moja hulichukua. Na kama baada ya miezi miwili mitatu ya mchezo huu bado vitatu vinampotea, mpeleke akapimwe macho na masikio, bila ya hofu, maana mara nyingine tatizo liko huko na namba zinalaumiwa bure.

Ukifika wakati wa kumjaribu, mjaribu kwa lile lile lililokushinda. Usimpangie, usimkumbushe. Wageni wamekaa, chai imeiva, mwambie, "Nletee vikombe sita." Kisha tazama mikono yake, usisikilize mdomo. Akija na vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, mimina chai.